Mgeni Mmoja Tu

Tumeishi Manchester, kaskazini mwa Uingereza, tangu mwaka 2009, na kwa miaka hiyo yote hatujapata kusikia mahubiri juu ya kadi za ndege. Tumehubiriwa juu ya fedha, juu ya pombe, juu ya simu, juu ya kusengenyana. Lakini karibu kila Mtanzania tuliyekula naye pilau baada ya ibada ya Kiswahili, maongezi yakishafika kwenye safari ya nyumbani, hutoa hesabu zake: unapitia wapi, mabegi mangapi, unangoja njiani saa ngapi, na maili zako unaziweka wapi. Watu hulizungumza jambo hili kwa moyo kuliko wanavyozungumza bajeti ya usharika. Kwa hiyo tulipoombwa kuandika juu ya imani, tuliona tuanzie hapo.

Sisi ni mke na mume. Mmoja wetu ni muuguzi, kazi yake zaidi ni zamu za usiku. Mwingine ni mhandisi wa pampu za maji. Kwetu ni Machame, na Mama, aliyemzaa huyo mhandisi, bado anaishi kule juu katika kihamba cha familia, kati ya migomba na kahawa. Baba alitangulia mwaka 2016.

Kwa msomaji asiyezijua kadi hizi, mambo ni hivi. Shirika la ndege linakufungulia akaunti. Kila ukisafiri nalo, au na mashirika yaliyo katika umoja wake, unaandikiwa maili. Maili ni kama akiba ya fedha: zikifika kiasi fulani, unanunulia tiketi. Kando yake kuna hesabu ya pili, ya daraja, nayo hupewa majina ya madini: fedha, dhahabu, platinamu. Daraja halinunui kitu. Linakupa foleni fupi, begi la ziada, na ruhusa ya kuingia katika ukumbi wa mapumziko, ambao wasafiri wengi huuita launji. American Airlines ilianzisha mpango wake mwezi Mei 1981, na mengine yakafuata. Launji ni ya zamani zaidi: shirika hilo hilo lilifungua ya kwanza New York mwaka 1939, na mwanzoni waliingia walioalikwa tu.

Waingereza huuita mpango wa namna hii kwa neno ambalo kwa Kiswahili chetu ni uaminifu. Sisi neno hilo tulizoea kulisikia kwenye ndoa na kwenye sala. Uaminifu wa ndege una tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye kadi. Mwaka wako ukiisha bila kufikisha kiasi, unashushwa, hata kama umepanda ndege zao miaka ishirini. Hakuna aliyekudanganya, masharti yako pale, kwa herufi ndogo.

Kadi yetu ilikuwa ya Flying Blue, mpango wa pamoja wa Air France na KLM ulioanza mwaka 2005. Ilitufaa kwa sababu KLM hutua KIA, na kutoka Manchester unabadilisha ndege mara moja tu, Amsterdam. Tangu mwaka 2018 daraja katika mpango huo huhesabiwa kwa pointi ziitwazo XP. Chukua kalamu. Manchester hadi Amsterdam, kwenye viti vya kawaida, ni XP 5. Amsterdam hadi KIA ni 10. Kwenda na kurudi unapata 30. Ili uwe fedha unahitaji 100 ndani ya mwaka wako, na kutoka fedha kwenda dhahabu unahitaji 180 nyingine. Mtu anayekwenda kumwona mama yake mara mbili kwa mwaka, na kwa mshahara wa hospitali hiyo ni safari nyingi, anapata 60. Hafiki hata fedha. Anayefika dhahabu ni yule anayesafirishwa na mwajiri, tena mara nyingi kwenye viti vya mbele, ambako pointi huzidishwa mara tatu.

Ndivyo tulivyoipata yetu. Kampuni ya mhandisi ilimtuma Amsterdam, Paris na kwingineko karibu kila mwezi, na dhahabu ikaja bila sisi kutoa senti. Kisha tukaitumia kwenda Machame. Hatukuona vibaya, ng'ombe wa tajiri akipita kwako akaacha mbolea, unaweka kwenye mgomba.

Na launji ilitufaa kwelikweli. Kuna wakati muuguzi alitoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, akaoga kwa haraka au hakuoga kabisa, akaenda uwanja wa ndege moja kwa moja kwa sababu likizo ya wiki mbili haipotezwi hata nusu siku. Amsterdam kulikuwa na bafu la maji ya moto, supu, na kiti cha kunyoosha miguu mahali ambapo hakuna anayekugonga na begi. Wapo ndugu katika jumuiya yetu wanaosema launji ni anasa ya dunia. Huwa tunawaomba wasome kwanza 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia, amechoka, amelala chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hamkemei wala hamhubirii. Anamgusa ale mkate na kunywa maji, anamwacha alale tena, anamwamsha mara ya pili ale tena, kwa sababu safari iliyobaki inazidi nguvu zake. Mungu hakuona aibu kumlisha na kumlaza nabii katikati ya safari. Kwa nini sisi tuone aibu kwa bafu?

Lakini pamoja na supu kuna kitu kingine kinachoingia. Ni kule kusalimiwa kwa jina. Ni kupita mbele ya watu mia waliokaa sakafuni na watoto wao, ukagusa kadi, mlango ukafunguka kwako. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unaeleza juu ya mtu aliyeingia kwenye kusanyiko na pete ya dhahabu, akapewa kiti kizuri, na maskini akaambiwa asimame kule. Yakobo analiandikia kanisa, haandikii uwanja wa ndege, na biashara ina haki ya kumpendeza mteja wake. Hata hivyo, dhahabu ni ile ile, na moyo unaoingia launji Jumamosi ndio unaoingia kanisani Jumapili. Tulianza kuona kwamba mwaka ukielekea mwisho, hesabu ya pointi inakaa nasi mezani kama mtu wa tatu. Mfanyakazi mwenzetu mmoja alikuwa akisafiri kwenda mji fulani na kurudi siku ile ile, bila kutoka nje ya uwanja, ili tu asishushwe. Hatukumfuata. Lakini tulimwelewa upesi mno.

Aprili 2023 tulikwenda wote wawili kumchukua Mama aje kutukalia miezi mitano. Alikuwa na miaka 81, hajawahi kupanda ndege. Magoti yake ni mabovu na huvimba miguu akikaa muda mrefu. Tulikuwa tumeagiza kiti cha magurudumu mapema. Huduma hiyo haina uhusiano wowote na kadi: Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya mwaka 2006 inaagiza kwamba abiria mwenye shida ya kutembea asaidiwe uwanjani bila malipo, mradi taarifa itolewe saa 48 kabla. Tunaitaja kwa makusudi. Wazee wengi kutoka nyumbani hutembezwa maili nzima kwa miguu kwa sababu watoto wao wanadhani msaada ule ni wa wenye kadi au wa kulipia.

Tulitua Amsterdam asubuhi baada ya usiku mzima angani, na ndege ya Manchester ilikuwa baada ya saa sita, kwa kuwa tiketi hiyo ndiyo iliyokuwa nafuu. Tukamsukuma Mama hadi kwenye kaunta ya launji. Dada wa kaunta aliangalia kadi, akatuhesabu kwa macho, akasema kwa upole: mwenye kadi na mgeni mmoja. Wa tatu anaweza kulipia.

Mama akauliza anasema nini. Tukamweleza.

"Kwa hiyo mkwe wangu anabaki nje?"

Muuguzi akamwambia, "Mama, ingia tu upumzike. Mimi nitakaa pale kwenye viti, sina neno."

"Na kulipia ni shilingi ngapi?"

Tukambadilishia kwa shilingi. Akanyamaza kidogo. "Hiyo ni bei ya mbuzi," akasema. "Mbuzi mzima, kwa ajili ya kukalia kiti?"

Tulikuwa tayari kulipa. Fedha ilikuwepo, na miguu yake tuliiona. Lakini alishaamua, na anayemjua Mama anajua kwamba hapo hakuna rufaa. "Wanangu, mimi sijawahi kula ndani mtu wangu akiwa barazani," alisema. "Twendeni kule wanakokaa watu."

Yule dada hakuelewa maneno, ila alielewa. Akasimama, akampa Mama mkono. Sheria haikuwa yake.

Sasa, pale Schiphol kipo chumba cha ibada na tafakari, ghorofa ya juu, ambacho hufunguliwa kwa msafiri yeyote wa dini yoyote. Tulikuwa tumepita karibu nacho mara nyingi tukielekea launji. Tukampeleka Mama huko kwa sababu ni kimya. Hakuna kaunta. Mwanamume mmoja alikuwa akiswali upande wa pili, na mama mmoja Mzungu alikuwa amekaa macho yamefumbwa, machozi yanamtoka bila sauti. Mama yetu alivua viatu, akaomba kwa Kichaga kwa muda mrefu, akitaja majina ya watu wote mpaka wa majirani, kisha akasinzia mdomo wazi. Alipoamka alisema viti vyao ni vigumu, na akauliza chai iko wapi. Tukaenda kununua chai kwa bei ambayo hatukumtajia. Alisema maziwa yake ni mepesi.

Hatusemi kwamba chumba kile kilikuwa bora kuliko launji. Hakikuwa na mahali pa kunyoosha miguu, na mpaka tunafika Manchester vifundo vya Mama vilikuwa kama viazi vikuu. Muuguzi alikuwa na wasiwasi wa kitabibu, si wa kiroho. Tunasema tu kilichotokea.

Mwaka uliofuata kampuni ikaona mikutano mingi inaweza kufanyika kwa video, na safari za mhandisi zikaisha. Kadi yetu ilikuwa na uhai hadi mwisho wa Agosti 2024, baada ya hapo tungeanza kushuka ngazi. Hapo ndipo watu husema: hama kabla hujashuka. Yapo mashirika ambayo, ukiwaonyesha kadi hai ya mshindani wao, hukupa daraja linalolingana nalo kwa muda wa majaribio. Ukishashushwa huna cha kuonyesha. Kwa hiyo tulikuwa na miezi michache ya kuamua, na tukafungua daftari mezani.

Tukaanza na launji, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inatuuma tangu Amsterdam. Kutoka Manchester hadi KIA unaweza kupitia Doha kwa Qatar Airways, iliyo katika umoja wa Oneworld tangu 2013. Unaweza kupitia Istanbul kwa Turkish Airlines, iliyo katika Star Alliance tangu 2008. Unaweza kupitia Addis Ababa kwa Ethiopian, iliyoingia Star Alliance Desemba 2011 na kuanza kutua Manchester Desemba 2018. Na KLM yetu ni ya SkyTeam. Tukasoma masharti ya umoja mmoja baada ya mwingine tukitafuta nani ana moyo mkubwa zaidi. Wote watatu, kwa mwenye daraja lililo sawa na letu: mgeni mmoja. Tulicheka. Ulimwengu mzima wa ndege umekubaliana kwamba mtu ana mpendwa mmoja.

Basi launji ikatoka kwenye mizani, kwa kuwa ilikuwa na uzito ule ule kila upande. Kilichobaki ni mambo ambayo hayatangazwi kwenye picha. La kwanza ni hili: ukiwa na kadi ya Star Alliance, una njia mbili za kufika KIA kwa kadi moja, Istanbul na Addis. Moja ikijaa, unajaribu nyingine. Kwa mtalii hilo si kitu. Kwa mtu anayeweza kupigiwa simu saa tisa usiku, ni kitu kikubwa. La pili ni mabegi, na hapo kila familia ina hesabu yake, hatutaiingilia. La tatu, ambalo muuguzi alilitilia mkazo kuliko tulivyotarajia, ni kwamba kutoka Addis hadi KIA ni safari fupi, kama saa mbili na nusu, na ukiwa pale unaona tayari umefika upande wa kwenu. Watu wanafanana na shangazi zako. Kahawa inanukia kama kwa Mama.

Tukaelekea upande huo. Lakini daftari lilikuwa na mstari mwingine, nao ndio uliotuweka macho.

Maili hazihami. Ukiuacha mpango mmoja ukaenda mwingine, maili zako zinabaki kule zilikokuwa, kama nyumba uliyojenga kwenye kiwanja cha mtu. Tulikuwa nazo zaidi ya 140,000. Kwa mwenye daraja hazikuwa na mwisho. Ukishashuka hadi mwanachama wa kawaida, zinafutika baada ya miezi 24 bila safari ya kuzihuisha. Katika daftari tulikuwa tumeziandika kwa neno moja: Dharura.

Wote wawili tulijua maana yake. Baba alipofariki mwaka 2016, ilikuwa Jumatatu, na mazishi yakapangwa Jumamosi. Tiketi ya kusafiri keshokutwa ina bei ya mtu aliyebanwa. Tuliweza kununua moja kwa fedha, kwa kadi ya benki tuliyoilipa mwaka mzima, na ya pili tukaipata kwa maili. Tulifika Ijumaa jioni. Mhandisi alitupa udongo juu ya kaburi la baba yake. Huko kwetu mtoto asiyekuwepo siku ile huulizwa maisha yake yote, na asipoulizwa na watu hujiuliza mwenyewe. Tangu siku hiyo tukaanza kuziweka maili kando, na hatukuwahi kutamka zinamngoja nani.

Jumapili moja ya Mei 2024 tulikuwa tukiongea na Mama kwenye simu, akatuuliza kelele za makaratasi ni za nini. Tukamweleza kwamba tunahama kadi. Anazikumbuka kadi, tangu Amsterdam huziita "ile dhahabu yenu." Akauliza zile maili nazo tunazihamisha vipi. Tukasema hazihami, zinabaki akiba.

"Akiba ya nini?"

Kimya.

"Ni za kunizika?"

Hakuna aliyejibu, na simu ya picha ni mbaya kwa jambo kama hilo, kwa sababu anakuona.

Mama hakukasirika. Alisema, "Siku hiyo nitakuwa nimelala. Sitajua mmekuja kwa ndege gani. Njooni Krismasi, niwaone nikiwa macho." Kisha akaendelea na habari za mbuzi wa jirani aliyekula mboga zake.

Wasomaji wanaotoka Kilimanjaro wanajua Krismasi ni nini kwetu. Desemba mabasi hujaa kupanda mlimani, na nyumba ambayo watoto hawakuja huonekana kwa mbali. Sisi tulikuwa hatujaenda Krismasi tangu 2017, kwa sababu Desemba ndiyo ghali kuliko miezi yote. Na bei ya tiketi za maili nayo siku hizi hupanda na kushuka kulingana na wanaotafuta viti. Tukaangalia: viti viwili vya Desemba vingemeza karibu maili zote.

Hapo hatukuwa na neno moja. Mhandisi alisema Mama anasema hivyo leo, lakini siku ikifika, na tiketi ikawa bei ya miezi mitatu ya mshahara, nani atamsimamia kaburini? Ni mtoto wake wa kwanza. Muuguzi alisema amesimama karibu na vitanda vingi, na ameona watoto wengi wakifika kutoka nchi za mbali wakiwa na tiketi ya bei kubwa mkononi na hakuna wa kumsalimu. Alisema pia, na hilo lilimuuma mwenzake, kwamba maiti hahitaji mgeni.

Tulifungua Biblia, kama mnavyodhani, na haikutupa jibu la haraka. Katika Kutoka 16 kuna mana: aliyeiweka hadi asubuhi aliikuta imeingia mabuu na inanuka. Muuguzi alishika hapo. Katika Mwanzo 41 kuna Yusufu, aliyejaza maghala miaka saba ya neema, na watu wakaishi kwa sababu hiyo. Mhandisi alishika hapo. Mungu yule yule. Tuliomba wiki nzima, kila usiku kabla ya zamu, na hatukuota ndoto wala kusikia sauti. Tulichokuwa nacho ni maneno ya Mama, na amri ya kumheshimu mzazi, ambayo haisemi kama ni mzazi aliye hai au aliyekufa, ila inasema na watoto waliokuwa na wazazi hai nyumbani. Mhandisi ndiye aliyebonyeza kitufe. Alikaa mbele ya kompyuta dakika kumi kabla ya kubonyeza, halafu akatoka nje kwenda kukata majani ya bustani ambayo hayakuwa marefu.

Krismasi ya 2024 tuliila Machame. Tukala machalari na mtori, kanisa likajaa mpaka watu wakasimama nje chini ya miti, na Mama akatutembeza kwenye nyumba za ndugu kama mtu anayeonyesha mavuno. Siku ya tatu alimwomba mhandisi amshike mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la Baba, akamwonyesha kwa mkongojo mahali pake. Halafu akasema jambo ambalo mhandisi alilileta ndani akiwa amebadilika sura: siku ikifika wasimweke mochwari kungoja ndege. Wazike kwa wakati. Amewaambia wadogo zake, na amemwambia mchungaji. "Wewe ukifika, fika. Usipofika, ulishakuja," ndivyo alivyosema.

Hatujui kama siku hiyo ikija tutaweza kufuata hilo kwa amani. Mhandisi anasema bado atakwenda, hata kwa mkopo. Muuguzi hambishii tena.

Kuhusu kadi, mpango mmoja wa Star Alliance ulitukubalia kabla ya Agosti, ukatupa dhahabu ya majaribio. Ili ibaki lazima tusafiri kiasi ambacho, kwa hesabu zile zile za mtu anayekwenda kwa mama yake mara mbili kwa mwaka, hatutakifikia. Tumeshakubaliana kwamba hatutaikimbilia. Ikikaa, muuguzi ataoga. Ikiondoka, kuna viti, na vyumba vya ibada viwanjani tumejifunza kuvitafuta kwanza. Ndugu mmoja wa jumuiya alituuliza kwa utani kama maili nazo hutolewa zaka. Tulimjibu kwamba mipango kadhaa huruhusu kuchangia maili kwa mashirika ya hisani, akakunja uso kama mtu aliyetarajia kucheka.

Akaunti mpya ina maili chache sana. Mstari wa Dharura bado uko daftarini, mbele yake hakuna namba. Kila mwisho wa mwezi tunaweka pauni kidogo kwenye akaunti ya kawaida ya benki, isiyo na madini yoyote.

Agosti hii tunakwenda kwa njia ya Addis, mabegi manne, na ndani ya moja tumefunga mkongojo mpya wa Mama, ule wa kukunja. Tulipompigia kumwambia, aliuliza kama Addis nako kuna kaunta. Tukamwambia ipo. Akauliza nani atabaki nje safari hii. Tukamwambia hakuna, tuko wawili.